Ndoo ya Bibi Harusi

Kila ndama aliyelelewa na Benigna Haule alianza maisha ya ndoo kwa kunyonya kidole. Benigna alichovya kidole cha kati cha mkono wa kushoto kwenye maziwa ya vuguvugu, akakiingiza pembeni mwa mdomo wa ndama, akangoja mpaka ulimi ukizungushe. Kisha alishusha mkono polepole, hadi kidole na pua vikawa ndani ya ndoo pamoja. Alitumia mkono wa kushoto kwa sababu kidole cha kulia kilipinda tangu utoto wake, kilipobanwa na mlango wa tanuri la mikate. Ndama wengine walielewa siku ileile. Wengine walihitaji siku tano. Sikumwona hata mara moja akisukuma kichwa cha ndama kiingie ndooni, jambo ambalo mimi nilifundishwa chuoni na nililifanya kwa bidii.

"Ukimsukuma atajua kunywa," aliniambia, "lakini atajua na kuogopa. Hilo la pili hutamtoa tena."

Nilihamishiwa Songea kutoka Iringa mwaka tisini na tatu, nikiwa na stashahada ya mifugo na pikipiki ya ofisi iliyokosa mafuta wiki tatu katika kila mwezi. Miaka ile mambo mengi yalikuwa yameachwa yajiendeshe yenyewe. Majosho yaliyokuwa yakijazwa dawa na serikali yalikauka, vyura wakahamia ndani. Dawa zenyewe zilihamia kwenye maduka ya watu binafsi karibu na soko, zikapangwa rafu moja na betri na sabuni za kutoka nje. Ofisini kwetu kulibaki kabati lenye kufuli zuri sana, na ndani yake chupa tupu. Watu waliopunguzwa kazi mjini walirudi mashambani kutafuta kitu kingine cha kushika. Mradi wa ng'ombe wa maziwa uliwakuta katika hali hiyo, nje kidogo ya mji, upande wa milima ya Matogoro.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Familia ilipewa mtamba mwenye mimba. Ndama jike wa kwanza hakuwa wao. Walimpitisha kwa familia iliyofuata kwenye orodha, nayo ingempitisha wa kwake kwa nyingine, na hivyo ng'ombe wakatembea nyumba hadi nyumba. Tatizo lilikuwa moja. Mtu anayejua kwamba ndama si wake, na maziwa yana wanywaji wengi, mkono wake huwa mfupi. Mwaka wa kwanza tulizika ndama wanane. Kikundi kikakubaliana kwamba ndama jike akishamaliza siku nne za dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama yake, apelekwe kwenye banda la pamoja, maziwa yake yaletwe huko asubuhi na jioni, na mtu mmoja tu ashike ndoo. Walipouliza nani atashika ndoo, hakuna aliyejitaja. Wanawake wote waligeuka kumtazama Benigna.

Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye miguu iliyokakamaa na sauti ya chini kiasi kwamba ulilazimika kusogea. Alipokuwa msichana alifanya kazi kwenye nyumba ya watoto yatima ya misheni. Kila asubuhi alikuwa na watoto kumi na wawili wa kulisha, kikombe kimoja na kijiko kimoja. Masista walitaka watoto wote wawe wanakula wakati mmoja na kulala wakati mmoja. "Na walilala," aliniambia Benigna, "lakini hakuna wawili waliokula sawa. Mmoja alimeza kabla hujageuza kijiko. Mwingine alikiweka chakula shavuni kama mtu anayefikiri neno la kusema. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikadhani wa shavuni ni mkaidi. Nilimpiga kofi. Mpaka leo naliona lile shavu."

Mwezi wa Julai mwaka tisini na tano, baridi ya Songea ikiwa imekaza, banda lilikuwa na ndama tisa. Nilikwenda pale kila Jumatatu na Alhamisi. Mwenyekiti wa kikundi, Mzee Pankrasi Ngonyani, alikuwa akinipokea langoni, na kwa kuwa mimi ni Mhehe na yeye Mngoni, watani wa jadi, hakuna siku aliyoniacha nipite bure.

"Karibu, mtani. Ila leo ujue, hapa ni ndama tu. Mbwa wetu tumewaficha."

"Shikamoo, mzee. Na mimi nimekuja na paka. Nasikia panya wa kwenu wamekwisha, mmewala wote."

"Marahaba. Ingia, ingia, kabla hujaharibu sifa za wilaya."

Ndani, Benigna alikuwa hana utani mwingi, lakini majina ya ndama aliyatunga yeye. Mwewe alikuwa mwekundu mwenye mabega mapana. Aliinamia ndoo na kuinuka baada ya dakika moja, pua imejaa povu, akipiga ndoo tupu kwa kichwa. Diwani hakunywa mpaka pawe na watu wa kumtazama. Ukigeuka, naye aliacha. Jirani alingoja asikie mwenzake wa kizimba cha pili ameanza kufyonza, ndipo naye aanze, na siku mwenzake alipochelewa, naye alichelewa. Mmoja alipenda maziwa yakiwa ya moto kidogo na aliyakataa yakipoa. Mwingine, ambaye Mzee Pankrasi alimwita Mzee wa Komoni kwa jina la pombe ya kienyeji, alikunywa nusu, akapiga mbweu, akasimama akiyumba macho yamelegea, kisha akamaliza.

Wa mwisho, kizimba cha pembeni, alikuwa ndama mweusi mwenye kipaku cheupe kwenye paji, mwenye miguu myembamba na kope ndefu. Yeye alikunywa mikupuo mitatu, akainua kichwa, akatazama mlango. Akarudi, mikupuo minne. Akatazama majani. Akasikiliza kuku. Akarudi. Benigna alimwita Bibi Harusi.

"Umewahi kumwona bibi harusi akimaliza sahani mbele za watu?" aliniuliza. "Si kwamba hana njaa."

Benigna aliwapitia wote kwa mpangilio wake mwenyewe, si wa vizimba. Alimaliza na Mwewe kwanza ili asiwasumbue wengine kwa kelele za ndoo. Ndoo ya Bibi Harusi aliiegemeza mahali pake, akaenda kuosha vyombo, akarudi baadaye.

Mimi nilikuwa na kadi. Nilizichora mwenyewe kwa rula, kila ndama na kadi yake, na juu ya zote karatasi moja kubwa iliyobandikwa ukutani. Nilipima kwa saa yangu ya mkononi dakika ambazo kila ndama alizitumia kumaliza lita mbili, nikatafuta wastani, nikapiga mstari mwekundu. Waliokuwa chini ya mstari niliwaita hodari. Aliyekuwa juu, peke yake, mbali kama nyumba ya mchawi, alikuwa Bibi Harusi. Pia niliweka kanuni: ndoo iondolewe baada ya dakika tano, maana maziwa yanayokaa hupoa na kuvuta nzi. Benigna aliisikiliza kanuni hiyo kwa heshima. Nilipokuwapo aliifuata. Nilipokuwa sipo, nilikuja kujua, ndoo ilibaki.

Ndama huyo mweusi alikuwa na mtu anayemsubiri. Subira binti Saleh alikuwa Myao kutoka Nakapanya. Mume wake alikwenda kwenye machimbo ya vito Tunduru, akaandika barua mbili, halafu akanyamaza. Subira alipanda basi na watoto wawili kumfuata dada yake Songea, akaanza kulima kwenye ploti ya kuazima. Alikuwa kwenye orodha ya ng'ombe kwa miaka miwili. Ndama wa kwanza aliyeandikiwa alikufa katika ule mwaka wetu mbaya. Huyu alikuwa wa pili. Banda alilijenga kwa mikono yake, akaezeka nyasi, akapanda majani ya tembo kwenye kingo zote za shamba mpaka mahindi yakaonekana kama wageni. Kila alasiri alikuja na furushi la majani kichwani, akalitua, akaenda moja kwa moja kizimba cha pembeni.

"Assalaam alaykum, Bibi Harusi. Umeshindaje, mama? Umekunywa?"

"Anakunywa," Benigna alimjibu. "Anakunywa kwa njia yake."

"Inshallah na mimi nitaishika njia yake."

Kabla ya kumpata, palikuwa na siku moja ya kuvuka. Tuliiita siku ya kunywesha. Wanakikundi wote hukusanyika, ndama aliyefikisha wiki sita hutolewa uani, hupewa lita mbili mbele ya macho ya kila mtu, na akimaliza, ndoo hupinduliwa juu chini. Likidondoka tone, ndama amekataliwa. Kisipodondoka kitu, mpokeaji hushika kamba, na kuanzia jioni hiyo yeye ndiye anayekuja kumnywesha mpaka aachishwe maziwa na kwenda naye nyumbani. Desturi hiyo ilizaliwa na aibu: hakuna aliyetaka kusemwa kwamba alimpa jirani mnyama mgonjwa. Ndama aliyekataliwa aliungana na madume kwenye safari ya buchani, na aliyemngojea alirudi mwisho wa orodha. Mwisho wa orodha, mwaka ule, ulikuwa miaka mitatu mbele.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo, Benigna alifiwa na kaka yake huko Mbinga. Aliondoka kwa siku tano. Kabla ya kupanda gari alinishika mkono.

"Mwanangu Edna, usiwe na haraka na huyu wa pembeni."

Nikamwambia asijali. Nilishika ndoo mimi mwenyewe, asubuhi na jioni, nikijivunia kwamba sasa kila kitu kitakwenda kama kilivyoandikwa. Dakika tano, ndoo inaondoka. Mwewe na wenzake hawakutambua tofauti. Bibi Harusi alikunywa kidogo, akainua kichwa kutazama mlango, akarudisha kichwa na kukuta hakuna ndoo. Hakulia. Alisimama tu akinusa mahali ilipokuwa. Siku ya tatu mbavu zilianza kuhesabika. Siku ya tano nilimpima kwa kamba kifuani, nikaona hajaongezeka kitu. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwenye kadi yake: *Dhaifu. Asipelekwe siku ya kunywesha. Aondolewe.*

Sikuona ajabu yoyote. Niliona nimethibitisha kile nilichokuwa nikikijua.

Benigna alirudi siku ya sita, bado amefunga kitambaa cheusi kichwani. Nilimpa pole ya msiba. Alishukuru, akavua kandambili, akaingia vizimbani. Alipofika kwa Bibi Harusi alipitisha kiganja kwenye mbavu, mara moja, kama mtu anayepangusa vumbi.

"Ulimwondolea ndoo?"

"Mama, ni kanuni. Wote niliwafanyia sawa."

"Ndiyo," alisema. "Wote uliwafanyia sawa."

Alipasha maziwa, akaanza mzunguko wake. Nilibaki mlangoni na karatasi zangu, nikingoja anigombeze ili nijitetee, naye hakunipa nafasi hiyo. Alipomnywesha Mwewe alimshika masikio yote mawili.

"Huyu anaumwa."

Nilicheka. Mwewe alikuwa amemaliza lita mbili kabla ya kila mtu. Nilitazama saa: dakika moja na nusu. "Mama, huyu ndiye hodari wa banda zima. Tazama ukutani."

"Jana alimaliza muda gani?"

Nilitafuta kadi. Dakika moja kasoro.

"Na hajapiga ndoo kwa kichwa," alisema Benigna. "Leo ameiacha tu."

Nilileta kipimajoto ili nimalize ubishi. Joto lilikuwa la kawaida kabisa. Nilimwonyesha zebaki. Aliitazama kwa adabu, akamfunga Mwewe kamba, akamhamishia kwenye kibanda cha kuni nyuma ya banda, peke yake, na ndoo yake peke yake. Mzee Pankrasi, aliyekuwa amekuja kuleta maziwa ya jioni, alitazama msafara huo akatikisa kichwa.

"Benigna, mnyama amekunywa kama mgeni wa harusini, wewe unampeleka wodini? Mtani, hebu msaidie, msiba umemchosha mama."

"Msiba umenichosha," Benigna alisema. "Mwewe pia amechoka. Acha apumzike kwenye kuni."

Asubuhi yake Mwewe alikuwa amelala ubavu, mkia umeloa kuhara kweupe, joto limepita arobaini na moja. Kwa siku tatu tulimnywesha maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo, kwa chupa, na dawa niliyoikimbilia kwenye duka la karibu na soko. Alipona. Hakuna mwingine aliyeugua, maana tangu dalili ya kwanza hakuna aliyegusa ndoo yake wala kulala karibu naye. Mtu aliyezika ndama wanane mwaka mmoja anajua maana ya sentensi hiyo.

Asubuhi ileile Mwewe alipolala ubavu, nilirudi kwenye ukuta nikatazama karatasi yangu. Siku aliyoanza kuumwa, Mwewe alikuwa bado wa kwanza. Mstari wangu mwekundu usingeweza kumwona. Ulimwona yule wa pembeni, ambaye hakuwa na ugonjwa wowote ila mimi.

Alasiri hiyo nilimkuta Benigna ameketi juu ya debe lililopinduliwa, ndoo ya Bibi Harusi iko mbele yake. Ndama alikuwa ameinua kichwa akisikiliza kitu.

"Ulijuaje?" nilimuuliza.

"Nilikuwa na mtoto wangu mwenyewe, anaitwa Leo. Mlaji. Bakuli lake la uji lilikuwa tupu wakati dada yake anapuliza kijiko cha kwanza. Siku moja alimaliza pamoja na dada yake. Alimaliza, mwanangu, hakubakisha. Nikasema, ah, leo Leo amejifunza adabu. Jioni alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni. Hakufika hospitali." Aliisogeza ndoo kidogo kwa mguu, karibu na pua ya ndama. "Tangu hapo simlinganishi mtu na mwenzake. Namlinganisha na yeye wa jana."

Bibi Harusi alirudisha kichwa ndooni. Mikupuo mitatu.

Nilitoa kadi yake mfukoni. Nikamwonyesha yale maandishi mekundu. Alikuwa anajua kusoma, masista walimfundisha.

"Subira ameiona hii?" aliuliza.

"Bado."

"Basi zimebaki siku nane. Mwache anywe."

Nane hazikuwa nyingi. Benigna alimnywesha mara tatu kwa siku badala ya mbili, kidogo kidogo, na ndoo haikuondolewa hata mara moja. Mimi nilikaa na kawa mkononi kufukuza nzi, kazi pekee iliyobaki kwenye kanuni yangu. Mbavu zilianza kufunikwa, lakini mwendo wake haukubadilika hata kidogo. Dakika kumi na tano, kumi na saba, siku moja ishirini na moja kwa sababu jogoo alipanda ukutani.

Subira hakuwa mjinga. Aliona mbavu, akaona nyuso zetu. "Dada Edna," aliniuliza siku moja huku akifungua furushi, "niambie ukweli. Nianze kung'oa majani ya tembo nipande viazi?"

"Using'oe," nilisema. Sikuwa na uhakika.

Siku ya kunywesha ilikuwa Jumamosi, saa nne, jua limeanza kupasha uani. Watu walikuwa kama arobaini, wengine wamekuja tu kwa sababu habari ya ndama asiyekunywa ilikuwa imefika mpaka sokoni. Ndama wawili walitangulia. Wa kwanza alikuwa Diwani. Kwa macho yote yale alikunywa kwa furaha, ndoo ikapinduliwa, vigelegele vikapaa. Wa pili alimaliza kwa dakika tatu. Ndipo Benigna akamtoa Bibi Harusi.

Alikunywa mikupuo mitatu. Vigelegele vya kumtia moyo vikaanza, na ndama akarudi nyuma mpaka akagonga miguu ya Benigna.

"Hee! Bibi harusi amekataa ubwabwa!" mtu alipiga kelele.

"Mrudisheni kwao, mahari irudi!"

Watu walicheka. Mzee Pankrasi alicheka nao, halafu akaona uso wa Subira, akaacha. Baada ya dakika tano alikohoa na kuja upande wangu. Kwa utaratibu, mimi ndiye niliyetakiwa kusema muda umekwisha. Kadi yenye wino mwekundu ilikuwa mfukoni, na yeye alikuwa ameisoma siku niliyoiandika.

"Mtani," alisema kwa sauti ya chini, "wewe ndiye uliyesoma. Uliandika aondolewe. Sema neno, tumwokoe huyu mama na aibu."

Nilimtazama Benigna. Hakunitazama. Alikuwa ametazama masikio ya ndama.

"Niliandika," nilisema, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia. "Nilikosea. Huyu ndama alikonda kwa sababu nilimnyang'anya ndoo kabla hajamaliza. Hana ugonjwa. Hunywa taratibu, na tangu azaliwe hunywa hivyohivyo. Aliyeugua ni yule wa haraka, na Mama Benigna alimjua kabla ya kipimo changu. Desturi yenu inasema ndoo ipinduliwe ikiisha. Haisemi iishe saa ngapi. Tungojeni."

Watu walitazamana, wakipima kama wametukanwa.

"Tungoje mpaka lini?" aliuliza mmoja. "Mimi nina mahindi ya kupukuchua."

"Nenda kapukuchue," Benigna alisema. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwake kusema mbele ya mkutano. "Ukirudi utatukuta. Atakayebaki anyamaze tu, akae chini. Mmesimama kama mnataka kumla."

Mzee Pankrasi ndiye aliyekaa wa kwanza. Alikunja suruali magotini, akaketi kwenye majani makavu, miguu mbele kama mtoto. "Haya, kaeni. Mtani amesema amekosea. Mhehe kukiri kosa, jambo hilo mtawasimulia wajukuu. Kaeni tuone vizuri."

Wakakaa mmoja mmoja. Hata mwenye mahindi alikaa. Benigna alirudi nyuma hatua mbili na kumwonyesha Subira kwa kidevu asogee. Subira alichuchumaa karibu na ndoo, mikono yake imebanwa chini ya kanga, hakumgusa ndama wala hakumwita. Bibi Harusi alitazama mlango wa banda. Akatazama watu waliokaa, ambao sasa hawakuwa warefu kumzidi. Akainama.

Mikupuo mitano. Akainua kichwa. Mtoto mchanga alilia, mama yake akampa ziwa. Mikupuo minne. Kunguru alipita. Kwa mazoea niligeuza mkono kutazama saa, kisha nikavuta mkono wa sweta juu yake. Watu arobaini wa Songea, wenye kuni za kukata na nguo za kufua, walikaa kimya juani wakimtazama ndama akifikiri. Sijawahi kuona mkutano wa aina hiyo tena, na nimehudhuria mingi.

Tulipoanza kusikia ulimi ukikwaruza chini ya ndoo, hakuna aliyesogea. Ndama alilamba, akalamba tena ukingo, akatoa pua, akapenga. Benigna alimpa Subira ishara.

Subira aliishika ndoo kwa mikono miwili, akainuka, akaipindua juu chini mbele ya watu. Akaishikilia hivyo. Mzee Pankrasi alinyoosha kiganja chini yake, akangoja, akakigeuza kutuonyesha. Kilikuwa kikavu.

Vigelegele vilipotoka, Benigna alikuwa tayari ameziba masikio ya ndama kwa viganja vyake.

Ile karatasi ya ukutani niliibandua Jumatatu. Kadi mpya nilizichora bila wastani. Zilikuwa na safu mbili tu, leo na jana, na safu ya tatu, pana, ambamo Benigna aliniambia niandike na mimi nikaandika: *amepiga ndoo, hakupiga, ametazama mlango, hakutazama.* Mkubwa wangu ofisini aliniuliza hizo ni takwimu za namna gani. Nilimwalika aje aone. Hakuja, mafuta yalikuwa yamekwisha.

Sasa nina miaka arobaini na miwili, na nimefanya kazi katika mikoa minne. Mwaka jana nilipita Songea kwa kazi nyingine, nikaomba dereva anipeleke upande wa Matogoro. Benigna bado yupo. Magoti yamemkataa na banda ameliacha. Hukaa barazani kwake akichambua maharage, na aliniuliza habari za afya yangu kwa makini ya mtu anayesikiliza jibu lote. Alinielekeza nikaone ndama.

Banda ni lilelile, limeezekwa bati. Aliyekuwa ndani ni Subira, nywele zimeanza mvi, amechuchumaa mbele ya ndama wa siku tano. Alikuwa hajaniona. Alichovya kidole kwenye maziwa, akakipitisha pembeni mwa mdomo wa mnyama, akangoja. Kilikuwa kidole cha kati cha mkono wa kushoto. Subira ni mtu wa mkono wa kulia. Hula, hukata na hushona kwa mkono huo, na vidole vyake vyote vimenyooka. Lakini ndivyo alivyoona inafanyika, na hakutaka kubadilisha kitu.